Je, wajua kwa nini kubadilisha jina kwenye kopo hakumwokoi mwigaji?

Pale njia panda ya Mnazi Mmoja, Lindi, ambapo barabara ya Mtwara na ya Masasi zinaachana, basi likisimama tu korosho zinafika dirishani. Abiria hana muda wa kusoma lebo. Anachagua kwa macho, analipa, dereva anaondoa gari.

Sasa tuseme mbanguaji mmoja amejulikana miaka mingi kwa kopo fupi la kijani lenye mchoro wa bibo jekundu, lile tunda linaloshika korosho. Jirani yake anatoa kopo kama hilo hilo, ila jina lake mwenyewe. Akibanwa anasema: "Jina langu si nimeliandika?"

Utetezi huo uligonga mwamba mahakamani Uingereza mwaka 1990. Juisi ya limao ya Jif ilikuwa ikiuzwa kwenye kichupa cha plastiki chenye umbo na rangi ya limao. Kampuni ya Borden ya Marekani ikataka kuingiza juisi yake, ReaLemon, kwenye limao la plastiki pia, na lebo yake juu. Ikashindwa. Wanunuzi walikuwa wanalitazama limao, hawasomi lebo, na majaji hawakukubali hoja kwamba wanunuzi wangekuwa makini wasingekosea. Mmoja wa majaji hao aliafiki shingo upande, na namwelewa: nani anataka mtu mmoja amiliki umbo la limao?

Anayelalamika kuigwa hivyo hutakiwa kuthibitisha mambo matatu: sura ya bidhaa yake inajulikana kwa wateja kuwa ni yake, mwenzake anawapotosha, na yeye anaumia kibiashara. Kanuni hii haikutungwa na Bunge letu. Ni ya majaji wa Kiingereza, na sheria yetu ilizipokea kanuni za aina hiyo kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu ya Jif haiwafungi majaji wa Tanzania, ila wanaweza kuizingatia.

Hakimiliki ina mlango wake. Kwa sheria ya mwaka 1999, mchoro unalindwa tangu unapochorwa, hata bila kusajiliwa, hadi miaka 50 baada ya mchoraji kufariki. Lakini unalindwa mchoro wenyewe. Wazo la kuweka bibo kwenye kopo ni la kila mtu, kama kilivyo kifuko angavu kinachoonyesha korosho ndani.

Kwa hiyo mbanguaji aliyeanza mwezi jana, hata kopo lake lipendeze vipi, hana umaarufu wa kudai. Kilichobaki mkononi mwake ni lile bibo, kama alilichora yeye.