Chanzo cha mapato ni kipi hasa?

Juzi kwenye kikao cha harusi pale Nyakato, hapa Mwanza, kijana mmoja alisimama kutoa ahadi yake. Kabla hajataja kiasi akatujulisha kwamba ana "vyanzo vitano vya mapato", kwa hiyo kamati isiwe na wasiwasi naye. Akapigiwa makofi. Mimi sikupiga, nilikuwa nahesabu, maana kijana mwenyewe ni mpwa wangu. (Ahadi ilikuwa 50,000. Mweka hazina bado anaisubiri.)

Hiyo ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo kuyasikia maneno hayo. Kwenye daladala ya Igoma, mama mmoja alikuwa akimshauri mwenzake aache kazi kwa sababu "mshahara ni chanzo kimoja tu". Mimi huwaandikia wafanyabiashara wadogo wa Kirumba vitabu vyao vya hesabu, na nikisikia neno chanzo likitumika hivyo, kalamu inaniwasha mkononi.

Maana yake ni fupi. Mapato ni fedha inayoingia, kabla hujatoa ulichotumia kuipata. Chanzo cha mapato ni pale fedha hiyo inapoanzia. Kinachobaki baada ya matumizi ni faida, na wanaochanganya hayo mawili nitawaandikia siku nyingine.

Shida iko kwenye chanzo. Neno limetoka kwenye kuanza. Kiambishi ki- kikikutana na irabu kinakuwa ch-, kama kwenye chombo na vyombo, tukapata chanzo na vyanzo. Chanzo ni mahali kitu kinapoanza. Mahali kinapopita pana jina lake, panaitwa mfereji.

Na sisi wa Mwanza ndio watu wa mwisho kuruhusiwa kukosea hapa, kwa sababu mji wetu una kesi ya zamani kuhusu neno hilihili. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika huku, akaona Ziwa Victoria, maji yasiyo na ng'ambo, akaamua kwamba amekipata chanzo cha mto Naili. Wenzake wakabishana naye miaka. Hata baada ya kukubalika kwamba Naili unatokea ziwani, swali halikuisha: je, mto Kagera unaomwaga maji yake humo ziwani? Ukiufuata kwenda juu unaishia kwenye vilima vya Rwanda na Burundi. Wanaopima maji nao wanasema sehemu kubwa ya maji ya ziwa hailetwi na mto wowote, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Ndivyo chanzo kinavyotafutwa. Unaona maji, halafu unauliza yametoka wapi.

Sasa tumrudie mpwa wangu. Vitano vyake ni hivi: ni mtunza ghala wa saruji, kazi ya mshahara, ana pikipiki ya bodaboda, ana kibanda cha miamala ya simu, hununua dagaa mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki, na kusafirisha, na anafuga kuku. Kwa kuhesabu ni vitano kweli.

Lakini pikipiki aliinunua kwa mkopo wa benki, na benki haikumpa mkopo kwa uzuri wa sura yake, ilimpa kwa sababu marejesho yanakatwa kwenye mshahara. Dereva humletea hesabu ya 8,000 kila jioni, na abiria wake wakubwa ni wachuuzi wa dagaa na mizigo yao. Kibanda cha miamala kiko mita chache kutoka lango la mwalo, wateja wake ni walewale, na floti, yaani fedha ya kuendeshea miamala, ikikauka huongezewa kutoka kwenye mshahara. Mtaji wa dagaa ni mshahara pia. Kuku nao hula pumba iliyochanganywa na dagaa, kwa hiyo dagaa wakiadimika chakula cha kuku kinapanda bei.

Rudi nyuma kama waliokuwa wakitafuta chanzo cha Naili, utakuta viwili: ghala la saruji na ziwa. Mengine matatu yote ni mifereji.

Hapo ndipo mwezi unapoingia. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi zaidi taa za betri na sola. Samaki hufuata mwanga, na mwanga wa taa unahitaji giza. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hutawanyika, mitumbwi hupumzishwa, na mwalo unapoa siku kadhaa mpaka giza lirudi. Nenda Kirumba siku hizo. Mama lishe anasinzia kwenye benchi, madereva wa bodaboda wanacheza drafti, kijana wa kibandani anachezea simu. Hawajafanya kosa lolote. Mwezi umejaa tu. Zikija mvua mambo yanakuwa mabaya zaidi, kwa sababu dagaa wasiokauka vizuri huishia kuuzwa kwa bei ya chini kama chakula cha mifugo.

Na mshahara? Hili ndilo linalonifurahisha. Neno hilo tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako shahr ni mwezi. Mshahara ni malipo ya mwezi, mwezi wa kalenda, ambao haujali kama juu kuna mbalamwezi au giza. Kinyume chake ni kibarua, yaani barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili akalipwe. Siku hizi hata meneja husema analinda kibarua chake kisiote nyasi, lakini asili yake ni malipo ya siku moja. Bodaboda, kibanda na dagaa vya mpwa wangu, kwa maana hiyo ya zamani, ni vibarua vizuri sana.

Kwenye mizani ya mshahara watu huweka kiasi kinachoingia benki peke yake, wakaona ni kidogo. Hawaweki siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, siku 84 za uzazi, wala siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36, ambapo 63 za kwanza hulipwa kamili na 63 zinazofuata nusu. Hawaweki mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 20 ya mshahara, ambao mfanyakazi hawezi kukatwa zaidi ya nusu yake. Kuku hawana likizo ya ugonjwa. Na hata Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, pamoja na hamu yote ya kukusanya, inatambua makundi matatu tu ya mapato: ajira, biashara na uwekezaji. Biashara nne ndogo kwenye mwalo mmoja zote zinaingia kundi moja.

Sisemi shughuli nyingi ni ubaya. Nimeandika vitabu vya watu walioacha kazi wakafanikiwa, na vya walioajiriwa mahali palipofungwa ghafla wakabaki wanatazama dari. Mwenye ghala naye anaweza kufilisika.

Jumapili mpwa wangu alikuja nyumbani. Tulipomaliza shikamoo na chai nikamweleza hesabu hii, akauliza, "Mjomba, kwa hiyo umeniambia nisiache kazi?" Sikumwambia hivyo. Nilimwambia apitishe mbalamwezi tatu bila kuchota hata shilingi ya mshahara kuongeza floti, mtaji wala pumba, kisha aniletee daftari tuone ni nini kimebaki kinatiririka. Akacheka, akasema mbili angeziweza, ya tatu ana shaka nayo kwa sababu itaangukia kwenye mvua.

Nikamwomba jambo moja jingine, dogo. Kikao kijacho aseme ana shughuli tano. Ni neno zuri, halimpunguzii heshima, na kamati itampigia makofi vilevile.