Ufunguo si faharasa: masharti na njia katika jedwali la hifadhidata

Kwenye MySQL, mfumo mmoja wa hifadhidata, unapotengeneza jedwali, ukiandika KEY au ukiandika INDEX unapata kitu kilekile: faharasa, au indeksi kama wengi tunavyoiita kazini. Sishangai basi kwamba watu wanaziona funguo na faharasa kuwa kitu kimoja. Lakini ufunguo ni sharti ambalo data lazima ilitimize. Faharasa ni njia ya kuifikia upesi.

Tuchukue jedwali la wagonjwa wa zahanati. Karani akiita "Asha Juma!" dirishani, wanainuka watatu, na wawili kati yao wamezaliwa mwaka mmoja. Ndiyo maana anauliza namba ya faili. Namba hiyo ndiyo ufunguo msingi: kila mgonjwa anayo, na hakuna wawili wenye namba moja. Edgar Codd wa IBM alieleza jambo hili katika makala yake ya mwaka 1970: mstari utambulike kwa data iliyomo ndani yake, si kwa mahali ulipolala kwenye diski.

Wapo wanaofanya namba ya simu kuwa ufunguo msingi. Mimi siipendi kabisa. Mama mmoja huandikisha watoto wanne kwa simu moja, na laini iliyoachwa muda mrefu hupewa mtu mwingine. Heri namba isiyo na maana yoyote nje ya mfumo.

Jedwali la mahudhurio nalo lina safu ya namba ya mgonjwa. Safu hiyo ni ufunguo wa kigeni, kwa sababu namba zake lazima ziwepo kwenye jedwali la wagonjwa. Ukijaribu kuandika hudhurio la mgonjwa 5017 na hayupo, mfumo unakataa. Ukitaka kumfuta mgonjwa aliyekwisha kuhudhuria, unakataa vilevile, isipokuwa umeuagiza vingine.

Kwenye masharti hayo yote hakuna neno hata moja kuhusu kasi. Kasi ni kazi ya faharasa. Bila hiyo, kumtafuta mgonjwa kwa jina katika mistari milioni moja ni kuisoma yote. Faharasa za kawaida hupangwa kwa mtindo wa B-tree, uliobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa Boeing. Ni mti wa kurasa, na kila ukurasa unakuelekeza kwenye kurasa za chini yake. Tuseme kila ukurasa unabeba maelekezo 200: ngazi tatu tu zinafikia 200 × 200 × 200, yaani mistari 8,000,000. Unafungua kurasa tatu, kisha mstari wenyewe.

Mkanganyiko unakolezwa na mfumo wenyewe. Ukitangaza ufunguo msingi, mfumo unaunda faharasa bila kuulizwa, maana ungejuaje haraka kwamba namba mpya haijatumika? Kwa ufunguo wa kigeni mambo hutofautiana. InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi data, huiunda. PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, haiundi upande wa jedwali lenye ufunguo wa kigeni, hapa mahudhurio. Hili liliwahi kunitesa. Nilifuta mgonjwa mmoja wa majaribio, nikangoja hadi chai ikapoa, kwa kuwa mfumo ulikuwa unapekua mahudhurio yote kuhakikisha hakuna linalomhusu. Nilipoweka faharasa kwenye ile safu, kufuta kukawa kufumba na kufumbua.

Ila faharasa husaidia kwa mpangilio wake tu. Fikiria kamusi ya Kiswahili: maneno yanayoanza na "pend" utayapata mara moja, lakini ukitaka yote yanayoishia na "-ana", itakubidi usome kitabu kizima. Hali kadhalika faharasa ya ukoo na jina, kwa mpangilio huo, hukupa akina Juma upesi, lakini haikusaidii sana ukiwa na "Asha" peke yake.

Na kila faharasa ina gharama: inakula diski, na kila mgonjwa mpya anayeandikwa lazima aandikwe humo pia. Kwa hiyo kabla ya kuongeza nyingine, tanguliza neno EXPLAIN mbele ya swali lako uone mfumo utapita njia gani. Ukiona mfumo unasoma jedwali zima lenye mistari 40, uache. Mistari 40 hutosha kwenye ukurasa mmoja au miwili, na kupitia faharasa kwanza ni kujizungusha bure.