Kufuta jina si kumficha mtu

Mama mmoja wa Kibirizi alinifuata ofisini kwangu Mwanga, hapa Kigoma, kanga yake bado inanuka dagaa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, lakini kukaa hakutaka. "Mwanangu, hiyo kompyuta yako ndiyo iliyomwambia shemeji yangu kwamba nadaiwa laki nne?"

Nilikataa katakata. Alipoondoka nikaanza kuchimba, na kabla ya jioni nilishajua kwamba ni mimi.

Programu yenyewe ni ndogo, daftari tu la kikoba cha akina mama wanaonunua dagaa mwaloni, wanaanika, wanapakia kwenda Dar. Hisa, mikopo, marejesho. Ugumu uko kwenye mwezi: mbalamwezi ikiwa kali, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, na kikoba hakitozi faini siku hizo. Hesabu yangu ya mwezi mwandamo ilikuwa na bagi, yaani kosa ndani ya programu. Ili niikamate, nikaongeza mstari mmoja wa kuandika kwenye logi (faili ambamo programu inajiandikia inachofanya) kila kitu kuhusu mkopo unaokokotolewa: jina, simu, deni. Bagi nikaipata. Mstari nikausahau.

Wiki kadhaa baadaye seva ikagoma. Nikakopi logi yote, nikaitupa kwenye kundi la WhatsApp la mafundi wenzangu, "jamani nisaidieni". Kumbe mmoja wao anaswali msikiti mmoja na huyo shemeji.

Marekebisho yangu ya kwanza niliyaona ya kitaalamu sana. Majina nikayatoa, na namba za simu nikazipitisha kwenye hashi ya SHA-256. Hashi ni kama mashine ya kusaga: mahindi yanaingia, unga unatoka, na hakuna wa kuugeuza unga kuwa mahindi tena. Mitandaoni utaambiwa hapo umemaliza kazi.

Hujamaliza. Namba zetu za mkononi, ukiondoa 255, zina tarakimu 9, na ya kwanza ni 6 au 7. Zote zinazowezekana ni milioni 200. Kwa binadamu ni nyingi, kwa kompyuta ni vitafunio. Mwizi hahangaiki kuugeuza unga. Anasaga kila punje iliyopo, kisha analinganisha. Nilijaribu mwenyewe kwa vijistari vichache vya Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye laptop yangu kuukuu, na namba ya yule mama ilijitokeza chai yangu ikiwa bado ya moto. Nilijisikia vibaya kuliko siku aliyonijia.

Kinachosaidia ni HMAC, yaani hashi inayochanganywa na ufunguo wa siri ambao mwizi hana, na ufunguo huo usikae ndani ya kanzidata (ghala la data) ileile zilimo hashi. (Nywila ni habari nyingine. Huko tuna chumvi, yaani herufi za kubahatisha zinazochanganywa na kila nywila kabla ya kusagwa, iliyoelezwa na wataalamu wa kompyuta Morris na Thompson mwaka 1979, na bcrypt ya mwaka 1999, hashi ya nywila iliyotengenezwa iwe nzito makusudi ili kubahatisha kuchukue muda. Ukikuta mtu bado anahifadhi nywila kwa SHA-256 tupu, mwambie kwa upole.)

Ila hata ufunguo una mwisho wake. Mfadhili mmoja aliomba takwimu "zisizo na majina". Nikafungua jedwali, mstari wa kwanza unasema: mjane, Katonga, ana mtumbwi wa injini, mkopo 400,000. Kikoba kina watu 27. Hapo jina la nini? Mwuza maandazi pale mwaloni angekutajia mpaka na watoto wake. Mtafiti wa Marekani, Latanya Sweeney, alionyesha mwaka 2000 kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Hiyo ni nchi ya mamilioni. Kikoba cha watu 27 hakihitaji hata viwili.

Nikamtumia mfadhili jumla peke yake, na kundi lolote lenye watu chini ya watano nikaliunganisha na jingine. Alilalamika kidogo, kisha akazoea.

Katibu naye alitaka tuongeze namba ya NIDA, "kwa usalama". Nikamwonyesha kitambulisho chake mwenyewe: namba ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa. Akacheka, maana kwenye kikoba alikuwa amejipunguzia miaka sita. Ombi likafia hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inataka taarifa zisizidi lengo la kuzikusanya, lakini ile miaka sita ilimwingia haraka kuliko sheria.

Sasa logi zangu zinaandika namba ya mkopo na kosa, basi, na zinajifuta baada ya siku 14. Nikifanya kazi nyumbani natumia kanzidata ya watu wa kubuni niliowapa majina ya samaki: Bi Kuhe, Mzee Mgebuka. Ni kazi ya asubuhi moja, ningeifanya mwanzoni.

Kilichobaki ni nakala za zamani. Kwa sababu ya umeme kukatika nilikuwa nahifadhi kila Ijumaa kwenye flashi, logi na kila kitu. Flashi zilikuwa tatu. Mbili nimezifuta na kuzivunja kwa nyundo. Ya tatu nilimwazima mtu apeleke barua kuchapisha, na simkumbuki ni nani.