Mariga na kombe la Ulaya: yasemwayo Malindi na yaliyotokea

Hapa Malindi, Waitaliano tumeishi nao miaka mingi na vijana wa ufukweni wanakisema Kitaliano bila kukwama, kwa hiyo Inter Milan ikitajwa barazani, McDonald Mariga, Mkenya aliyeichezea klabu hiyo ya Italia, naye hakosi kutajwa. Kiungo huyu nampenda sana. Ndiyo maana nataka habari zake zisemwe sawasawa.

Linalorudiwa mno ni kwamba alicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Hakucheza. Tarehe 22 Mei 2010, Inter ilipoifunga Bayern Munich 2-0 mjini Madrid, alikaa benchi hadi kipenga cha mwisho.

Basi wengine wakishasikia hivyo husema alikuwa abiria tu, kombe walimbebea wenzake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kumbuka marudiano ya nusu fainali, Camp Nou, uwanja wa Barcelona. Thiago Motta ametolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, Inter wamebaki kumi. Barcelona wameshapata bao, wakipata la pili Inter wanarudi nyumbani. Katika dakika zile za mwisho José Mourinho alimtoa Samuel Eto'o, akamwingiza Mariga. Kocha hamwingizi mtu asiyemwamini saa kama ile. Na ni yeye Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa.

Eti Manchester City walimkataa? Walimtaka, Januari 2010, na walishaelewana na Parma, klabu yake ya wakati ule. Kilichokwama ni kibali cha kazi cha Uingereza. Sheria ya wakati ule ilitaka nchi ya mchezaji iwe ndani ya 70 bora za FIFA kwa wastani wa miaka miwili, na Kenya ilikuwa chini ya hapo. Yaani kila mechi iliyopotezwa na timu ya taifa, Harambee Stars, ilimrudia yeye, ambaye kwa klabu yake alikuwa aking'ara. Siku chache baadaye akasaini Inter.

Wala hakutoka Nairobi akatua Milan. Alianzia Uswidi mwaka 2005, klabu ndogo ya Enköping, kisha Helsingborg, ndipo Parma ikamchukua 2007.

Na kwa vile yeye huitwa Mariga na mwanasoka mwenzake Victor huitwa Wanyama, wapo wanaobisha kwamba si ndugu. Victor ni mdogo wake wa damu. Baba yao, Noah Wanyama, aliichezea klabu ya Kenya ya AFC Leopards.