Matangi sawa, ila mafuta ya ndani ni ya nani?

Kila EWURA, mdhibiti wetu wa nishati, ikitoa bei kikomo (bei ya juu kabisa kituo kinaruhusiwa kuuzia), ile Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ikiwa imepanda, napokea swali lilelile: kwa nini serikali isijenge tu matangi makubwa ikajaza, tusihangaike na vita vya watu? Niko kwenye ugavi wa mafuta hapa Dar, ngoja nieleze kwa nini matangi ndo sehemu rahisi.

Tangu 2012 tunaagiza kwa pamoja. Kampuni zinapeleka oda, PBPA, wakala wa serikali wa uagizaji huo, inajumlisha na kutangaza zabuni, anayetaka premiamu ndogo ndo anapewa meli (premiamu ni ile hela anayoweka juu ya bei ya soko la dunia kwa ajili ya usafiri, bima na faida yake). Zamani kila mtu alileta kameli kake, zinapanga foleni huko nje, demareji (malipo ya kuchelewesha meli) inahesabiwa kila siku na mwisho anailipa mwenye bodaboda. Mfumo huu mi nausifia wazi. Lakini kazi yake ni kuleta mafuta, haumlazimishi mtu kuyaweka akiba.

Sasa ukisikia tuna mafuta ya siku kadhaa, uliza ni yapi hayo. Depo za Dar zinabeba pia mzigo wa Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi na Malawi, na huo sio wetu hata kidogo, upo njiani tu. Halafu kuna ya chini ya tanki. Mpimaji anapanda juu na tepu yenye timazi, kaipaka dawa inayoonyesha mafuta yameishia wapi na nyingine inayobadilika rangi ikikuta maji, anashusha mpaka igonge chini, anasoma. Kwenye kile kipimo kuna sentimita kadhaa ambazo bomba la kutolea haliyafikii, kwa hiyo kwenye karatasi yapo ila kwenye gari hayaingii ng'o!

Yanayobaki ni ya wafanyabiashara, na mfanyabiashara hakai na mzigo kwa uzalendo, maana ukinunua ghali halafu bei kikomo ikashuka hasara ni yako peke yako.

Piga hesabu, tuseme tani moja ni dola 700, tani 100,000 ni dola milioni 70 zimelala tu, na haziwezi kulala milele sababu petroli inachuja, lazima uizungushe, uuze ya zamani uingize mpya. Na dola zenyewe 2023 tuliona zilivyoadimika. Wakenya mwaka huohuo waliacha zabuni yao ya wazi wakaenda serikali kwa serikali na Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, wapate kulipa baada ya siku 180. Hiyo inakupa pumzi ya dola, akiba haikupi.

Matangi 15 ya TPA, mamlaka ya bandari, pale Kigamboni, mita za ujazo 378,000, nayaunga mkono, meli itashusha haraka. Ila ni ya kupokelea. Sheria ya Petroli ya 2015 inaitaja hifadhi ya kimkakati, kilichobaki ni mfuko wake. Mi ningeanza na dizeli peke yake, maana ndo inabeba chakula na mizigo, tozo ndogo kwa lita, TPDC, shirika la mafuta la taifa, amiliki, kampuni zizungushe. Najua kelele zitakuwepo, ile tozo ya shilingi 100 kwa lita ya barabara ya 2021 watu hawajaisahau.