"Alitokea ghafla": kutoka wapi?

Wiki hii nimeisikia mara ya tatu, na safari hii kutoka kwa kijana niliyemfundisha udereva mwenyewe, aliyetoka kumgonga mtu: "Mwalimu, alitokea ghafla." Aliyetokea ghafla ni mzee mwenye baiskeli ya Phoenix na magunia mawili ya mkaa, Gongo la Mboto, saa tatu asubuhi, jua linawaka. Magunia ya mkaa yalivyo mapana, kwa nyuma baiskeli huioni kabisa, unaona ghala linatembea. Sasa ghala hilo ndilo lililotokea ghafla. Mzee alichubuka kiwiko, mkaa ukamwagika, kijana akalipa. Kisha akanipigia mimi nimpe pole.

Nafundisha udereva mwaka wa 19 huu. Kuhusu simu sina jipya: kwenye kilomita 50 kwa saa gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Ukiinamia meseji sekunde 2, umekwenda mita 28 kama kipofu, mabasi makubwa mawili yakipangwa hayafiki. Tuendelee.

Ninayegombana naye ni dereva asiyeshika simu, aliyegeuza shingo, anayeapa kwamba alitazama. Mimi namwamini. Alitazama, ila hakuona.

Simama mbele ya kioo. Tazama jicho lako la kushoto, hamia la kulia, rudi la kushoto. Umeyaona macho yakihama? Huyaoni ng'o, na mwenzako aliyesimama pembeni anayaona vizuri tu. Jicho likiruka ubongo unakata picha, halafu unaunga kipande cha kabla na cha baada, na mshono wenyewe huuoni. Kwa hiyo ukifika njia panda ukapeleka macho shwaa kulia, shwaa kushoto, umeona vipande viwili vitatu vya barabara. Palipobaki umejaziwa lami tupu. Fuso halitoshi kwenye pengo hilo. Baiskeli inatosha, pamoja na tenga la kuku.

Halafu ipo nguzo ya kioo cha mbele, ile inayoshika paa. Kwenye magari ya siku hizi imenenepa ili paa lisikuponde gari likipinduka. Heri kwako uliye ndani. Sasa waulize manahodha wa majahazi: chombo kikibaki upande ule ule unapokitazama, na huku kinakua, mnagongana. Njia panda ni vivyo hivyo. Mwendesha baiskeli atakayefika pamoja nawe hahami kwenye kioo chako. Akianzia nyuma ya nguzo, anabaki nyuma ya nguzo mpaka bampa limguse. Wale watakaokupita salama wanachomoza upande huu au ule, unawaona. Anayejificha ni yule yule utakayemgonga. Hili ndilo linalonikera nikisikia "ghafla". Kakaa hapo mbele yako sekunde nzima, nne, tano!

Yalinikuta mimi, Morogoro, kibandiko cha L kikiwa juu ya gari na mwanafunzi kiti cha pembeni akijifunza kwangu. Nilikanyaga breki, gari likasimama kama hatua moja kutoka kwa kijana wa maziwa. Alinitazama tu, akaendelea na safari. Angenitukana ningelala usiku ule.

Dawa haina ufundi mkubwa. Tuliza macho mahali, hesabu moja, ndipo uhamishe. Kabla ya kuingia barabara kubwa peleka kifua mbele na nyuma ili nguzo ihame. Mlango wa dereva fungua kwa mkono wa kushoto, bega litageuka lenyewe na macho yatafuata. Wa daladala: abiria anashukia kushoto, baiskeli nayo inapita kushoto, na konda anaangalia nauli.

"Si wavae vizibao vya kung'aa?" Nilikuwa nahubiri hivyo, siku hizi nasita. Usiku, utepe unaong'aa kwenye pedali na vifundo vya miguu unasaidia kuliko wa kifuani, maana unapanda na kushuka, na dereva anatambua kwamba yule ni binadamu. Mchana, yule mzee angevalisha kizibao gunia lipi?

Na lipo moja ninalolifundisha bila kuliamini sawasawa: kwamba wakae kushoto ukingoni kabisa. Ukingo wenyewe umeliwa na mvua, lami imeachana na udongo shubiri nzima. Akikwepa shimo anaingia mbele yako, na huyo naye mtasema katokea ghafla. Nikiwa kwenye usukani natamani akae huko huko pembeni. Jumapili nikiwa kwenye baiskeli yangu nakaa mita moja ndani ya lami, na napigiwa honi. Jumapili iliyopita honi ilitoka kwenye gari lenye kibandiko cha L.