Zilizodondoka Ni Nywele, Si Mizizi

Picha ninayotumiwa na watu niliowapandikiza nywele, wiki tatu hivi baada ya upasuaji, ni ileile kila mara: kiganja, kipande cha tishu, na juu yake nywele fupi tatu nne zenye kidoa cheupe mwishoni. Chini yake ujumbe: "Daktari, mizizi imetoka. Ndiyo basi tena?" Nimelijibu swali hili mpaka vidole vimechoka. Leo naliandika mara moja kwa wote.

Kile kidoa cheupe si mzizi. Ni ncha ya chini ya unywele uliomaliza muda wake, na nywele zinazodondoka zenyewe kila siku kichwani mwa mtu yeyote, hata asiyewahi kulala kwenye kitanda cha upasuaji, huwa nacho. Kinyweleo kinachotengeneza unywele kimebaki milimita kadhaa ndani ya ngozi. Kipandikizi, yaani kinyweleo tulichokihamisha kutoka kisogoni pamoja na unywele wake, kikitoka kweli utajua tu: damu itatoka, na utaona kijinyama laini kimeshikamana na unywele. Hilo ni jambo la siku za mwanzo, mtu anapojikuna au kujigonga mlangoni. Kufikia siku ya 10 hivi ngozi inakuwa imeshakishika, na baada ya hapo hata ukiuvuta unywele, unatoka peke yake. Ukucha ukikatika hakuna anayelilia kidole.

Lakini kinachoniudhi kuliko msiba wa wiki ya tatu ni sherehe ya wiki ya kwanza. Vipandikizi huingia vikiwa na vishina vya nywele vya milimita moja au mbili, maana kisogo tulikinyoa kabla ya kuvichukua. Magaga ya vidonda yakishaondoka, kati ya siku ya 7 na ya 14, vishina hivyo vinaonekana kama ndevu za juzi, na vingine hurefuka kidogo. Basi mtu anajitazama kwenye kioo, mstari mpya wa paji la uso umejichora vizuri, anapiga picha na kuwatangazia jamaa: "Zimeota!" Hazijaota kitu. Ni nywele zilezile za kisogoni, zimehama tu. Wiki chache baadaye zinapoanza kupukutika, aliyetangaza ushindi anatangaza kifo. Asingeshangilia mapema, asingekuwa na cha kuomboleza.

Sababu ya kupukutika ni rahisi. Kinyweleo kimekatwa kutoka kwenye mishipa yake ya damu, kimekaa nje ya mwili kwa saa kadhaa, kimesukumwa kwenye tundu jipya. Kinashtuka, kinauachia unywele wake, kinaingia awamu ya mapumziko. Mapumziko hayo kwa kawaida huchukua miezi mitatu hivi, na hesabu hiyo ndiyo inayoendesha kalenda yote inayofuata. Wapo wachache ambao nywele zao hazidondoki zote, zinaendelea kukua kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa nini wao na si wengine? Maelezo niliyosoma hayajawahi kuniridhisha. Na niseme wazi jambo ambalo vijitabu vya matangazo huliruka: mshtuko huo unaweza kuziangusha hata nywele zako za asili zilizokuwa jirani, kwa hiyo mwezi wa pili unaweza kuonekana na upara zaidi kuliko ulivyokuja. Nyingi za hizo hurudi. Zile ambazo tayari zilikuwa zimedhoofika sana, huenda zisirudi.

Sasa tuje kwenye kuota kwenyewe. Mwezi wa tatu au wa nne, dalili ya kwanza mara nyingi si nywele, ni vipele. Unywele mpya unatafuta pa kutokea, unakuta ngozi imefunga, na kipele kidogo kinatokea. Usikiminye. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kinatosha. Vikiwa vingi, vinauma, vina usaha na vinasambaa, hapo usinitumie picha, njoo.

Kisha zinatoka, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa sababu zinazotoka hazifanani na walichoahidiwa. Ni nyembamba na zimepauka, zinakaribiana na malaika ya mkononi kuliko nywele za kichwa. Ukiwasha taa ya simu moja kwa moja huzioni. Mwanga unaotoka ubavuni ndio unaozifichua. Wala hazitoki kwa pamoja. Vinyweleo vilivyopandikizwa saa moja na mkono mmoja vinaamka kwa kupishana wiki nyingi, upande mmoja unatangulia, na lazima mtu aulize kama upande wa kushoto tuliufanya tukiwa na usingizi.

Halafu zimejipinda. Mtu mwenye nywele nyoofu anakuta zinazoota ni kavu, ngumu, zenye mikunjo ya ajabu, na anadai tumempa nywele za mtu mwingine. Kwa wengi mikunjo hulainika kadiri mwaka unavyokwenda. Vitabu vinasema chanzo ni kovu changa linalokizunguka kinyweleo na kuukunja unywele unapopita. Inawezekana. Lakini kovu hilohilo liko pia kwenye kipandikizi cha jirani kilichotoa unywele ulionyooka, kwa hiyo maelezo hayo nayapokea kwa mkono mmoja. Kwa wenye nywele za kipilipili badiliko hili halionekani sana. Wao shida yao ni kwamba kinyweleo chenyewe kimepinda ndani ya ngozi, hivyo nywele kuotea ndani na kuleta vipele ni jambo la kutarajiwa zaidi.

Subirini unene kuliko idadi. Unywele wenye kipenyo cha milimita 0.04 ukinenepa hadi 0.07, eneo la mkato wake linakuwa kubwa mara tatu hivi. Kwa hiyo kichwa cha mwezi wa tano na cha mwezi wa kumi vinaweza kuwa na nywele zinazolingana kwa idadi, kimoja kikaonyesha ngozi na kingine kikaificha. Urefu nao ni hesabu tu: nywele za kichwa hukua karibu sentimita moja kwa mwezi. Uliochomoza mwezi wa nne una sentimita mbili mwezi wa sita. Anayetaka kuchana nywele kwenda nyuma kwa ajili ya harusi mwezi huo anagombana na hesabu, si na mimi.

Asilimia za mafanikio mnazozisoma kwenye matangazo? Kwa kawaida watafiti huweka alama kwenye kieneo kidogo cha ngozi, wakahesabu humo vilivyoingia na vilivyoota. Kwenye kichwa kizima, penye nywele za asili katikati ya nilizopandikiza, siwezi kukuhesabia, na anayekupa tarakimu kamili kwa kukutazama tu anabahatisha.

Unywele uliohamishwa hubaki na tabia ya kule ulikotoka. Norman Orentreich, daktari wa ngozi wa New York, alilichapisha hilo mwaka 1959, na kazi yetu yote imesimama juu yake. Maana yake ni kwamba mwishowe zitafanana na za kisogoni kwa unene na rangi, hata mvi, na kama hizo hazishambuliwi kirahisi na upara. Ndiyo maana mstari wa mbele naupanga kwa vipandikizi vya unywele mmoja mmoja. Kisogo kinene kikiletwa mbele kizimakizima kinaonekana kama kofia. Za asili zilizobaki nyuma ya mstari hazikupata kinga hiyo, zitaendelea kupungua, ndipo mazungumzo ya finasteride na minoxidil, dawa za kupunguza upotevu wa nywele, yanapokuja, na hayo yana makala yake.

Utosi ni wa mwisho. Mbele nahukumu mwezi wa 12, utosini nangoja hadi wa 15 au wa 18. Husemwa ni kwa sababu damu hufika kidogo huko. Mimi nashuku sehemu ya ucheleweshaji huo iko machoni mwetu, kwa kuwa nywele za utosi hulala kwa mzunguko na kila nyembamba inaacha ngozi wazi. Mtu akija mwezi wa tisa akitaka tujazie utosi, namrudisha nyumbani. Kabla ya muda huo siwezi kutofautisha kilichokufa na kilicholala, na sindano ya kutoboa tundu jipya inaweza kupita katikati ya kinyweleo kilichobakiza wiki mbili kuamka.